Kiambaza cha jipsamu Bububu: rangi nzuri, maungio mabovu

Ukumbi wetu wa juu, hapa Bububu, Unguja, ulikuwa mkubwa bure, na binti yangu kaingia sekondari, anataka mlango wake. Mwashi akatwambia waziwazi: kupandisha matofali katikati ya slabu ambayo chini yake hamna boriti, yeye hathubutu. Basi tukaamua kiambaza cha jipsamu, yaani ukuta mwepesi wa kugawa chumba, wa bodi za jipsamu zilizovishwa karatasi. Urefu mita 4, kimo mita 3, mlango mmoja. Bodi 11 za mita 1.2 kwa 2.4, unene milimita 12, zikapanda ngazi siku moja.

Bodi zenyewe sina neno nazo. Naandika juu ya kazi ya baada ya bodi, ya kuziba maungio, pale bodi zinapokutana, na kutia rangi, kwa sababu upande wa ukumbini nimeulipia mara mbili.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, na mnajua mji unavyokuwa: kila nyumba inataka rangi, kila fundi kashikwa na kazi nne. Tuliyempata alikuwa mwepesi kweli. Akabandika tepu ya wavu, akapitisha puti, ule uji wa kuzibia, mara moja, kesho yake msasa, jioni rangi. Nikamuuliza habari ya rangi ya kwanza ya kuzibia ukuta: "Kaka, praima je?" Akanijibu, "Rangi uliyonunua nzito, dada. Praima unatupa pesa." Na kweli nilikuwa nimenunua rangi ya bei, ile ya siliki inayong'aa, ndoo nzima ya lita 20, nikiamini rangi nzuri itafunika kila kitu. Muda ukatubana, upande wa chumbani ukabaki mtupu vile vile. Mchana ukuta wa ukumbini ulipendeza. Nikamlipa, na mkono wa Idi juu yake.

Usiku wa Idi shemegi yangu kakaa na kikombe chake cha kahawa, kaukodolea ukuta macho. "Huu mmeushona?"

Tuna taa ya ukutani kando ya mlango, na mwanga wake unaparuza ukuta ubavuni. Kila ungio lilikuwa nje: mistari ya kusimama, na mmoja wa kulala kama mshipi, pale kwenye mita 2.4 bodi inapokwisha na kipande cha juu cha sentimita 60 kinapoanza. Penye puti rangi imefifia, penye karatasi inang'aa. Watoto wa wageni wakawa wanafuata mistari kwa vidole.

Masika ikamalizia. Ule mstari wa kulala ukatoa ufa mwembamba kama uzi, na vichwa vya skrubu vikaanza kutokeza vidoa vya kutu, kimoja kimoja, kahawia juu ya rangi ya maziwa. Sisi tuko karibu na bahari, upepo wa chumvi hauulizi rangi umenunua shilingi ngapi.

Aliyenifumbua macho ni ami yangu, ambaye ujana wake wote alikuwa akipaka chokaa majumba ya Malindi, hapa mjini Unguja. Jipsamu hajaigusa maisha yake. Akakwangua kwa ukucha karibu na ungio, rangi ikambanduka kama ganda. "Sisi chokaa hatutii juu ya ukuta mkavu," akasema. "Unaumwagia maji kwanza, la sivyo unainyonya chokaa inabaki unga. Huu ukuta wako una kiu mbili, na wewe umeunywesha kikombe kimoja." Ndivyo ilivyo hasa. Karatasi ya bodi inanyonya kivyake, puti inanyonya kivyake, na rangi iliyotiwa moja kwa moja juu ya vyote viwili inakauka kwa sura mbili. Ukiongeza siliki juu, mng'ao unakwenda kukushitaki kwa kila mgeni.

Fundi wa pili ni mpole, ghali, na polepole kiasi cha kukera. Siku 9. Upande wa chumbani akauanza na bodi tupu, upande wa ukumbini akautengeneza, kwa hiyo nimeona kazi zote mbili zikienda sambamba.

Kwanza hakugusa puti. Alizunguka na bisibisi akikagua skrubu. Iliyochana karatasi akaiongezea mwenzake pembeni, kwa sababu skrubu inashikilia bodi kwa ile karatasi. Ikichanika, haishiki kitu. Zenye kutu akazikwangua na kuzigusa kwa praima ya mafuta ya kuzuia kutu, maana maji ya puti na rangi ndiyo yanayoiamsha. Kisha akakata ukingo wa chini wa bodi kiasi cha sentimita moja kutoka sakafuni. Nyumba zetu tunadeki kwa ndoo, si kwa kitambaa, na jipsamu ikikanyaga maji inayapandisha kama utambi. Ule mwanya ukafichwa na mstari wa vigae.

Tepu aliniletea ya karatasi. Ile ya wavu hakuitukana. Alisema inataka puti ya unga inayoganda ngumu, na yule wa mwanzo aliizika ndani ya puti laini ya ndoo, tena pasi moja tu. Ya karatasi inataka subira: unatandaza puti, unailaza, unaikamua kwa skrepa. Puti ikiwa chache chini yake inafanya lengelenge. Moja lilitokea karibu na dari. Akalichana na kulirudia bila kunung'unika. Tepu ya karatasi naipa alama zote.

Puti tulitumia za aina mbili. Ya unga inaganda yenyewe kama plasta, nusu saa hivi, mvua inyeshe isinyeshe, nayo ndiyo ya pasi ya kwanza na ya kujaza mianya. Ya ndoo iliyokwisha changanywa ni laini, inasuguka kwa raha, lakini inakauka kwa hewa tu, na hewa ya masika imeshiba maji. Pasi ya pili ilichukua siku mbili. Mkinunua msimu huo, msihesabu siku kwa maandishi ya ndoo. Ya unga nayo ina hila yake. Siku moja nilijitia kumsaidia, nikakoroga unga kwenye ndoo yenye mabaki ya asubuhi. Kabla sijafika mlangoni mwiko umesimama wenyewe. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Ndoo haikuoshwa, bi mkubwa." Ile chenga kavu inaharakisha puti mpya kuganda. Nusu mfuko ukaenda jaani.

Pasi zilikuwa tatu, kila moja pana kuliko iliyotangulia: ya tepu, kisha sentimita 20 hivi, kisha 30. Ungio la kulala alilitandaza zaidi, karibu nusu mita, kwa sababu kingo ndefu za bodi kiwandani zinabonyezwa ili puti ipate pa kukaa, lakini ukingo uliokatwa hauna bonde. Usipotandaza, unabaki na kilima. Nilidhani anachezea puti yangu. Nikapitisha kiganja nimefumba macho, sikulipata.

Msasa namba 150, halafu 220, mkono mwepesi. Ukikazana karatasi inaota manyoya. Vumbi lake sina maneno. Tuliziba mlango kwa shuka, na bado chai ya alasiri ilikuwa na jipsamu. Barakoa si ya kujadili.

Halafu praima, ambayo ndiyo hasa nataka kuisifu. Ya maji, ya kuzibia bodi mpya, nyepesi, nyeupe ya kufubaa, haina uzuri wowote ndani ya kopo. Lita 4 zilitosha pande zote mbili na zikabaki. Ilipokauka, kwa mara ya kwanza ukuta ukawa kitu kimoja. Hujui karatasi iko wapi na puti iko wapi. Hapo fundi akazima taa, akaegesha tochi ya simu ukutani, akawa anazungushia kasoro kwa penseli: mikwaruzo, vishimo, lile lengelenge tena. Akaziba, akasugua, akagusa praima. Upande wa ukumbini ilibidi kwanza aumalize mng'ao wa siliki kwa msasa na kubandua palipolegea, na nakwambieni ulimchosha kuliko bodi tupu.

Rangi ya mwisho ni ya maji isiyong'aa, pasi mbili, ya bei ya kawaida kabisa. Ndoo yangu ya siliki iko stoo na zaidi ya nusu yake. Anayeitaka aje.

Kuna jirani aliniuliza kama bodi hizi zitamfichia ukuta wenye unyevu katika nyumba yao ya Mji Mkongwe. Mimi nilimwambia aache. Zile kuta za mawe na chokaa zinapumua. Ukizivisha karatasi, unyevu unabaki nyuma na ukungu unakula bodi kabla hujamaliza deni.

Fundi wa pili namkata alama moja kwa uzito wake. Na Idi kubwa shemegi alikuja, akakaa kiti kile kile, taa ile ile. Alitafuta kwa bidii. Akaja kuona ufa mmoja, mfupi, juu ya kona ya mlango. Fundi anasema huo si wa tepu, ni wa mlango kubamizwa, na atakuja kuutazama. Nimemwambia asijisumbue kuja mpaka binti ajifunze kufunga mlango.