Shule ya tanga ya siku saba Shelisheli: nenda Mei au mwisho wa Septemba

Kozi za kulala chomboni zinazoanzia Eden Island, Mahé, na kuzunguka visiwa vya ndani vya Shelisheli kwa kawaida huenda Jumamosi hadi Jumamosi. Matangazo mengi yana picha ya maji yaliyolala, na mengi hupendekeza Aprili au Novemba. Kwa anayetaka kuogelea, ushauri huo ni mzuri. Kwa mwanafunzi wa tanga ni hasara tupu: hayo ni malelezi, upepo unabadilika na mara nyingi haupo, na utakuwa umelipa wiki nzima ya kusikiliza injini.

Kusi huvuma kule kuanzia Mei hadi Oktoba kutoka kusini-mashariki. Julai na Agosti huwa na nguvu, mara kwa mara maili 20 za bahari kwa saa na zaidi, na bahari hupanda. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ni nyepesi na ina mvua nyingi; tena kule hutoka kaskazini-magharibi, si kaskazini-mashariki kama tulivyoizoea Mombasa na Unguja. Mei, kusi inapoingia, na mwisho wa Septemba, inapopungua, ndipo mwanafunzi hupata upepo wa kutosha bila kutapika siku nzima.

Njia yenyewe ni nzuri, ila ina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji. Kutoka Mahé kwenda kisiwa cha Praslin ni kama maili 25 za bahari kuelekea kaskazini-mashariki, yaani saa nne hadi tano. Kusi huupiga ubavu wa chombo, na kaskazi hivyo hivyo kwa ubavu wa pili. Kwenda na kurudi, upepo wa ubavuni. Chombo hukimbia vizuri, mawimbi yanakiyumbisha (dawa ya kichefuchefu imezwe usiku uliotangulia, si baada ya kutoka bandarini), lakini mwanafunzi hajifunzi kubisha, yaani kwenda upande upepo unakotoka kwa kukata huku na huku. Mahali pa kujifunzia ni kipande kifupi cha kutoka Baie Sainte Anne, Praslin, kwenda kisiwa cha La Digue wakati wa kusi. Kwa mstari ni maili tatu hadi nne, na upepo unatoka karibu na unakokwenda. Walimu wenye haraka huwasha injini hapo. Kabla ya kulipa, uliza waziwazi kama kipande hicho hupitwa kwa tanga. Jibu litakuonyesha kama unanunua shule au matembezi.

Kupindua kwa omo, yaani kupitisha mbele ya chombo kwenye upepo ili uhamie ubavu wa pili, kuna mpangilio wake. Chombo kiwe na mwendo wa angalau maili nne kwa saa. Demani (kamba ya kuvutia tanga la mbele) ya upande mpya izungushwe kwenye winchi mara mbili au tatu kufuata mwelekeo wa saa. Anayeshika usukani aanze taratibu kisha azidishe. Demani ya zamani ifunguliwe tanga la mbele linapoanza kupepea, si kabla. Wageni wengi huifungua mapema, mwendo unakufa, na chombo kinabaki kimeutazama upepo kisha kinaanza kurudi nyuma. Hapo acha tanga la mbele lijae kinyume, lisukume omo hadi livuke, ndipo ulihamishe. Aliyelelewa kwenye jahazi atahangaika kidogo, kwa kuwa amezoea kupitisha tezi (nyuma ya chombo) kwenye upepo na kuhamisha foromali, mti unaobeba tanga. Kwenye boti hizi, kupindua kwa tezi ndiko kwa hatari: tanga kuu livutwe hadi katikati kwanza, la sivyo mti wake wa chini hufagia vichwa.

Kuhusu chombo, chagua cha mwili mmoja kikipatikana. Boti nyingi za kukodi kule ni katamarani, yaani za miili miwili, na katamarani ni nyumba nzuri lakini si mwalimu mzuri. Hailali ubavu upepo unapozidi, hivyo mwili wako haupati onyo. Unapunguza tanga kwa kusoma kipimo cha upepo tu. Tena ni nzito kupindua. Wanafunzi wanne kwa mwalimu mmoja wanatosha. Wakiwa sita, wawili kila siku ni abiria.

Kutia nanga ndiko kunakoharibu likizo za watu. Anse Lazio, upande wa kaskazini-magharibi wa Praslin, ni tulivu wakati wa kusi na ni mahali pa kukesha macho wakati wa kaskazi. Baie Laraie kwenye kisiwa cha Curieuse, penye kobe wakubwa, kuna mchanga kati ya mawe. Kwanza jua kipimo cha kina kinahesabu kutoka wapi. Kikionyesha mita 5 na kimewekwa kihesabu kutoka chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo), boti yenye kuzama mita 2 iko kwenye maji ya mita 7. Ongeza mita 1.5 za maji kujaa, na mita 1 ya urefu wa omo juu ya maji: 9.5. Zidisha kwa nne, utoe mnyororo wa mita 38. Aliyehesabu zile 5 peke yake ametoa 20, na usiku wa bamvua (maji makubwa) atasafiri bila kukusudia. Mnyororo utolewe chombo kikirudi nyuma polepole. Ukimwagwa wote mahali pamoja hulalia nanga na kuitegua. Kisha injini irudi nyuma kwa nguvu kiasi huku mkitazama alama mbili za nchi kavu, na mmoja avae miwani ya kupiga mbizi akaione nanga. Fikeni kabla ya saa kumi jioni. Jua likishuka mbele yenu, jiwe lililo chini ya maji halionekani, na giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu.

Mikataba mingi ya kukodi hukataza kusafiri usiku. Kwa cheti cha Competent Crew (baharia wa kawaida) cha RYA, chama cha tanga cha Uingereza, ambacho siku tano zinatosha na hakidai uzoefu wowote, hilo halina shida. Anayelenga Day Skipper (cheti cha nahodha wa mchana) anatakiwa kuja na siku 5 za baharini, maili 100 na saa 4 za usiku tayari mkononi. Anayekuahidi cheti hicho kutoka sifuri kwa wiki moja anakudanganya.

Bei ya tangazo mara nyingi haina mafuta, chakula, ada za hifadhi za bahari wala dhamana ya chombo, dai yaandikwe. Maji ya tangi la lita 400 kwa watu watano huisha siku ya tatu au ya nne, basi ogeni baharini na msuuze kwa kikombe. Beba begi laini, kwa sababu sanduku gumu halina pa kuwekwa. Viza haihitajiki, ila kibali cha kusafiri huombwa mtandaoni kabla ya ndege, na anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano.