Ushauri wa insulini kabla ya Ramadhani: duka la dawa la Langoni, Lamu

Kila inapokaribia Ramadhani, duka moja la dawa lililo kando ya Usita wa Mui, upande wa Langoni, hutenga alasiri kadhaa kwa wagonjwa wa kisukari wanaotaka kufunga. Nilimsindikiza mjomba wangu, ambaye hujidunga insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole katika chupa moja) asubuhi na jioni, na kwa jumla naisifu huduma hii, ingawa ina kasoro ambazo wenye duka wangeweza kuzirekebisha bila gharama kubwa.

Kinachoitofautisha na nasaha za barazani ni kwamba hakuna anayepewa jibu la jumla. Muuguzi aliuliza kwanza kama mjomba aliwahi kushukwa na sukari hadi kupoteza fahamu, figo zake zikoje, na mchana hufanya kazi gani. Baada ya kuzungumza na daktari wake kwa simu, dozi ikapangwa upya: uniti 30 za asubuhi zikahamishiwa wakati wa futari, na zile 20 za jioni zikapunguzwa hadi 12, azidunge wakati wa daku. Hesabu hiyo ni yake peke yake, wala si ya kuigwa na jirani.

Mjomba aliuliza kwa nini asiiache kabisa dozi ya daku ilhali mchana hatakula. "Mzee, ini halifungi," muuguzi alimjibu, kisha akafafanua kuwa ini huendelea kumimina sukari kwenye damu hata tumbo likiwa tupu, kwa hiyo mwili hauwezi kukaa bila insulini kutwa nzima, lakini dozi kamili isiyo na chakula cha kuikabili ingeweza kumwangusha kabla ya alasiri.

Kwenye kadi yake iliandikwa kwa wino mwekundu kwamba afungue papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6 mmol/L, hata kama imebaki robo saa magharibi iingie, na kwamba kujitoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu. Hilo la mwisho lilihitaji kuandikwa, kwa kuwa wapo wazee wanaoacha kupima mchana kwa kuhofia tone la damu. Tulionyeshwa pia namna ya kuhifadhi chupa umeme unapokatika katika joto la kaskazi: kitungi kidogo cha udongo ndani ya kikubwa, na katikati mchanga uliolowa maji.

Karatasi ya chakula ndiyo iliyoniudhi. Inaeleza ugali na sukuma wiki kwa kirefu, ilhali futari ya Lamu ni muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati na sharubati, na hapo ndipo sukari hupanda usiku. Mashauriano nayo hufanyika kaunta, mbele ya wanunuzi wengine, kiasi kwamba tulisikia maradhi ya watu tusiowajua.

Kubwa zaidi ni wakati. Alasiri hizo hupangwa mwishoni mwa Shaabani, ilhali wataalamu hupendekeza mgonjwa aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, yaani ndani ya Rajabu. Mjomba angeitwa mapema hivyo, angeweza kuijaribu dozi mpya kwa saumu za sunna za Jumatatu na Alhamisi, akarudi na vipimo vyake ili irekebishwe.