Kozi ya jioni ya ufundi umeme: nilishikishwa tochi

Nilijiandikisha mwaka jana, au mwishoni mwa mwaka juzi, sikumbuki vizuri. Nimefika umri ambao watu wakisikia umerudi darasani wanakuuliza kama nyumbani kuna amani. Nilikuwa karani wa hesabu miaka yote, nikachoka na makaratasi, nikataka kazi ya mikono. Ratiba, vyeti na ada vimo kwenye tangazo lao, kasome mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu: mega.

Mega ni kipimo kinachopeleka volti 500 za DC kwenye nyaya ambazo bado hazijaunganishwa na umeme, ili kujua kama ganda lake linavujisha. Ikisoma chini ya megaohmu 1, yaani ganda halizuii umeme vya kutosha, huwashi kitu, unatafuta kasoro. Waya uliochubuka ndani ya bomba hauonekani kwa macho, na fundi asiyepima anamwachia mwenye nyumba augundue mwenyewe.

Sasa, siku ya kupima kazi zetu karakanani, mwalimu wa vitendo akaja na testa ya bisibisi mfukoni. Basi. Akagusa terminali za ubao wa kwanza, taa haikuwaka, akasema saketi iko salama, twende ubao wa pili. Nikanyoosha mkono. Nikasema kwa adabu zote: samahani mwalimu, testa hiyo haipimi ganda la waya. Na hata kwa kujua kama umeme upo haiaminiki, maana inategemea mwili wa aliyeishika; ukisimama juu ya ngazi ya mbao na viatu vya mpira, inaweza isiwake kabisa na waya ukawa na umeme.

Akanitazama. "Mzee wangu, kabla ya hapa ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikamjibu.

"Basi huku hatuhesabu, tunafunga. Vijana, mpeni mzee tochi atumulikie."

Darasa zima likacheka, wengine umri wa wanangu. Nikamulika.

Hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni fomu za majibu ya mega zilizorudi baadaye. Yangu: megaohmu 200. Ya jirani yangu: 200. Ya darasa zima: 200, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule. Nimekagua stakabadhi nusu ya maisha yangu, tarakimu za kubuni nazijua kwa harufu. Urefu wa waya haulingani, unyevu haulingani, kazi ya mikono ya wanafunzi ndiyo kabisa, halafu majibu yafanane? Kuna binti ambaye waya wake wa nyutro ulibanwa na mfuniko wa soketi mpaka shaba ikaonekana, sote tulishuhudia. Naye kapewa 200, na saini juu.

Haya, nisiwe mchoyo wa haki. Mwalimu wa nadharia ni mtu wa kumvulia kofia. Mama huyu alitukaririsha mpaka tukachoka: zima, funga kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako wewe. Jaribu kipimo chako mahali unapojua umeme upo. Pima laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Kisha rudi ujaribu kipimo tena, usije ukawa umepima na kitu kilichokufa. Leo siwezi kufungua hata swichi bila kupita hatua hizo. Na walewale waliocheka walikuja kwangu tulipofika kujumlisha mzigo wa saketi na kuchagua breka, nikawafundisha, mjinga mimi. Kwa ajili ya mama huyo ningeweza kusema nendeni, nyota nne.

Lakini cheti kinasema nimefaulu kupima, na mega yenyewe pale sikuigusa! Kuitumia nimekuja kujifunza baadaye kwa fundi mmoja wa mtaani, ambaye hana cheti chochote. Tatu, basi. Mbili.

Kabla ya kumaliza nilikwenda ofisini nikaomba niioneshwe tu, nijue inafananaje. Wakaniambia imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Nikauliza anarudi lini. Yule aliyenijibu akacheka, akauliza kama mimi ndiye yule mzee wa tochi.

Moja.