Uchambuzi: Zagreus, mchezo wa sauti uliowaelemea waigizaji wake

Watazamaji wangu, hamjambo na karibuni tena. Bidhaa iliyo mezani leo ni Zagreus, mchezo wa kuigiza wa sauti wa kampuni ya Big Finish ya Uingereza, uliotolewa Novemba 2003 kuadhimisha miaka 40 ya Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza. Ni diski 3 ambazo kwa jumla zinakaribia saa 4, nami nimezisikiliza zote mara mbili kabla ya kuwasha kamera, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani kasoro ilikuwa ya masikio yangu.

Nianze na yaliyotangulia, maana asiyeyajua atapotea mapema. Daktari, yule msafiri wa wakati, alimwokoa msichana wa Kiingereza aitwaye Charley Pollard kutoka katika R101, chombo cha anga ambacho kwa kweli kilianguka nchini Ufaransa mwaka 1930. Historia ilikuwa imekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu, kwa hiyo uhai wake ukatoboa tundu katika wakati wenyewe. Katika Neverland, mchezo wa 2002, Charley mwenyewe aliomba auawe ili tundu hilo lizibwe; Daktari akakataa, akauzuia mlipuko uliotishia kutokea kwa chombo chake cha kusafiria, TARDIS, na sumu ya mlipuko huo ikamwingia hadi akageuka Zagreus, zimwi la mashairi ya watoto. Wasikilizaji waliachwa hapo kwa zaidi ya mwaka mzima.

Sasa msikilizeni Paul McGann, anayemcheza Daktari, mwanzoni mwa diski ya kwanza. Anajibizana na nafsi yake: sauti moja inasihi, nyingine inadhihaki, na mpito kati ya hizo mbili hautegemei mitambo, bali pumzi na uzito anaouweka kwenye neno. Wakati huo alikuwa ameonekana kama Daktari kwenye televisheni mara moja tu, katika filamu ya 1996, hivyo mhusika huyu amemjenga kwa koo lake. India Fisher naye, ambaye baadaye Waingereza wengi walikuja kuizoea sauti yake katika MasterChef, kipindi cha televisheni cha mashindano ya mapishi, anamcheza Charley kama mtu anayemwogopa yule yule aliyejitoa mhanga kwa ajili yake. Hapigi mayowe. Anapunguza sauti, na hofu inaongezeka.

Kisha waandishi wanawatenganisha, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Charley anapelekwa na TARDIS, iliyojivika sura na sauti ya Brigedia, rafiki wa zamani wa Daktari, kutoka ulimwengu mmoja wa kuigizwa hadi mwingine, na mimi katika diski ya pili nililazimika kusimamisha na kuchukua kalamu niandike nani ni nani. Peter Davison, Colin Baker na Sylvester McCoy, waigizaji ambao wote waliwahi kumcheza Daktari kabla ya McGann, wamo. Lakini kwa sehemu kubwa mmoja ni kasisi mwanasayansi, mwingine ni mnyonya damu, na wa tatu ni mwenye bustani ya burudani. Katika sherehe ya miaka 40, hiyo ni sawa na kualikwa pilau ukapakuliwa wali mkavu. Sauti ya Jon Pertwee, Daktari mwingine wa zamani aliyefariki mwaka 1996, imechukuliwa kutoka katika rekodi ya zamani na kupachikwa humo, na baadhi ya maneno yake ni vigumu kuyashika hata ukibana spika masikioni.

Sisi tuliokulia kwenye michezo ya redio tunajua kwamba mlango ukilia na hatua zikakaribia, msikilizaji anamaliza picha mwenyewe. Hapa wahusika wanaelezana wanachokiona, kisha wanaelezana maana yake. Don Warrington ana sauti nzito ya kifalme inayomfaa kabisa Rassilon, mwasisi wa Mabwana wa Wakati, jamii anakotoka Daktari, lakini amepewa mihadhara mirefu ya nadharia ambayo hata yeye hawezi kuipa uhai.

Ajabu ni kwamba mwishoni, waandishi wanapowarudisha wawili wetu mahali pamoja, mchezo unapata uhai. Daktari, akiwa bado na mabaki ya sumu mwilini, lazima ahamie ulimwengu usio na wakati, naye anakataa kwenda na Charley. Ni ugomvi wa watu wawili wanaopendana, hauhitaji maelezo yoyote, na ningetoa diski nzima ya pili ili niupate, bila kusita.

Kwa bei ya diski tatu, siwezi kuwashauri mnunue, isipokuwa kama mnaufuata mfululizo wote. Anayetaka kuwasikia McGann na Fisher bila bughudha atafute Scherzo, mchezo wa sauti wa Robert Shearman, uliotoka Desemba 2003, ambao umewategemea wao wawili tu. Ila azimeni kwanza diski ya tatu ya Zagreus mahali fulani, msikilize kule kuagana, ili mjue ni kwa nini Daktari anaanza Scherzo akiwa amemkasirikia Charley kiasi kile.