Fundi rangi wa magari ndani ya jumba la Higashiyama Kaii, Nagano

Mimi napiga rangi magari, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka wa 22 huu. Nikionyeshwa gari naanza na rangi, gari lenyewe baadaye. Basi mnaojua sanaa mnivumilie, nasema nilichokiona kwa jicho la gereji.

Mdogo wangu ananunua magari mnadani Yokohama, Japani. Nilipomtembelea akaniambia, "Kaka, kuna mchoraji kazaliwa hapahapa, huyo utampenda." Higashiyama Kaii, 1908 hadi 1999. Jumba la picha zake lakini liko Nagano, jirani na hekalu la Zenkoji, kama saa moja na nusu kwa treni ya kasi kutoka Tokyo. Safari ya kwanza nilijiponza mwenyewe: picha niliyoifuata haikuwa zamu yake. Michoro ya namna hii mwanga huichosha, kwa hiyo hutolewa kwa zamu. Angalieni ratiba, na msiende Jumatano, siku hiyo hufungwa.

Safari ya pili nikaikuta. Midori Hibiku, ya 1982: msitu wa kijani kilichoelemea bluu, bwawa limetulia tuli, na farasi mmoja mweupe anakatiza ukingoni, kivuli chake majini kichwa chini. Basi. Nimeiona kwenye simu mara mia, na simu inaongopa. Nikainamisha kichwa kando, kama ninavyokagua mlango wa gari baada ya puti, na pale chembe zikaanza kumetameta. Si klia ile, vanishi ya juu ya gari. Ni mawe.

Rangi za jadi za wachoraji wa Kijapani ni madini yaliyosagwa, bluu kutoka jiwe la azuriti na kijani kutoka malakiti. Hukorogwa na gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, wanaiita nikawa. Nyeupe ni magamba ya chaza. Kilichonimaliza ni namba: rangi inauzwa kwa namba ya chembe, kama msasa! Namba ikipanda chembe inalainika, na rangi inapauka. Jiwe lilelile moja, lakini kutoka bluu ya kina kirefu hadi bluu ya alfajiri bila kuongeza tone la nyeupe. Sisi tungemwaga nyeupe kwenye kopo na kukoroga.

Maisha yake nayo hayakuwa laini. Alisoma Berlin miaka ya 1930, mwaka 1945 akaingizwa jeshini, akafundishwa huko Kumamoto kukimbilia vifaru na mabomu mkononi. Siku moja, akiwa kwenye magofu ya ngome ya mji ule, akatazama mabonde na milima kama mtu anayeaga, akajuta kwamba hakuwahi kuviona hivyo. Vita vikaisha, mama akafariki, mdogo wake naye akafuata. Mwaka 1947 akatoa picha ya Zansho, milima inayoishiwa na jua, na hapo ndipo jina lilipoanza. Hiyo na ile Michi, yaani Barabara, ya 1950 msizitafute Nagano, ziko Tokyo. Kwenye mchoro wa awali wa Michi palikuwa na mnara wa taa na farasi malishoni. Akaviondoa vyote, ikabaki barabara peke yake.

Kuna pia kazi za maandalizi ya michoro ya hekalu la Toshodaiji, Nara, iliyomla kama miaka 10. Ni ya kumuenzi Ganjin, mtawa wa China wa karne ya 8 aliyeshindwa kuvuka bahari kuja Japani mara 5, akafika akiwa kipofu. Kaii akamchorea mawimbi kwenye milango ya kusukuma kando. Hapo nilisimama sana.

Picha zake za miji ya Ujerumani na Austria zilinipita, kwangu ni kalenda ya ukutani. Jengo ni la msanifu Taniguchi Yoshio, la 1990, limetulia, na lina sehemu ya kupumzikia yenye vioo vinavyotazama maji. Kaeni pale kabla ya kurudi ndani mara ya pili.

Nyota 5. Nilinunua postikadi ya farasi, nimeibandika juu ya kompresa. Kijana wangu wa kazi akaitazama wee, kisha akauliza, "Mzee, hii kijani namba ya rangi yake ngapi?"