TalkBack kwa sisi tusioona: yenyewe iko poa, apu ndo zinatuangusha

Naulizwa sana eti wewe huoni sasa hiyo simu ya tachi unaitumiaje, haya leo naandika kabisa. Natumia TalkBack, programu ya kukusomea kwa sauti kilichopo kwenye kioo, ipo ndani ya Android, bure, hununui wala huhitaji bando. Unaingia setingi, sehemu ya Ufikivu, unaiwasha, au kwenye simu nyingi unashikilia vitufe vyote viwili vya sauti sekunde chache. Kuanzia hapo simu inaongea, unatelezesha kidole kulia inakusomea kitu kinachofuata, ukikitaka unagonga mara mbili popote kwenye kioo. Siku za mwanzo inakera jamani, aliyekuwa amezoea kiswaswadu ataona ameuziwa matatizo, avumilie tu.

Sauti ya Kiswahili ipo ya Google yenyewe, badilisha mapema maana ikibaki kwenye Kiingereza meseji ya "umepokea" inasomwa kama mzungu aliyeshuka ndege jana. Mimi lakini nimehamia sauti ya eSpeak, ni ya kiroboti kweli na mke wangu haipendi ila ukiikimbiza inasomeka vizuri, sina muda wa kusubiri mtu aongee taratibu. Afu tangu 2020 kuna kibodi ya nukta nundu humo humo, vidole sita juu ya kioo unaandika, kwa tuliosoma breli shule hii peke yake inatosha kuipa nyota zote.

Sasa tuje kwenye pesa. Ile menyu ya kubonyeza nyota na reli inasomeka, ila ina haraka, hujamaliza kusikiliza chaguo la sita imeshajifunga unaanza upya. Na PIN pale unaiandika wazi, kwa hiyo TalkBack inaitaja namba kwa namba, uko kwenye daladala imejaa, abiria wote wamesikia. Hedifoni lazima.

Nikasema basi nitumie apu ya benki yangu, jina naliacha. Nikaingia vizuri, nikaweka namba ya mtu na kiasi, nikafika ukurasa wa mwisho kuna vitufe viwili, kimoja cha kuthibitisha kingine cha kughairi. TalkBack ikasema "kitufe". Nikasogea, "kitufe". Ndo hivyo tu! Hela yangu na nabahatisha. Nikapiga huduma kwa wateja, dada wa watu mpole kabisa, akaniambia kaka njoo tawini na mtu unayemuamini akusaidie. Yaani mtu wangu aijue PIN yangu na salio langu kwa sababu fundi hakuandika jina la kitufe. Na kuandika jina lile ni mstari mmoja tu kwenye maandishi ya programu, kwenye Android unaitwa contentDescription, fundi yeyote wa apu anaujua. TalkBack inakuruhusu ukipachike jina mwenyewe baadhi ya vitufe lakini sasa mimi nitajuaje kipi ni kipi mpaka nimuite anayeona?

Kuna apu zingine mbaya zaidi, zikiona huduma ya ufikivu kama TalkBack imewashwa zinagoma kufunguka kabisa, eti usalama. Wezi wanatumia mlango huo kweli, sikatai, ila ukiufunga bila kutofautisha umetufungia nje na sisi. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, mwaka uliofuata tukapata na sheria yetu, na mkataba ule unataja teknolojia ya mawasiliano kwa jina kabisa, siyo ngazi na vyoo tu. Kwa hiyo mkiwaandikia hawa watu wa apu msiombe kwa unyonge kama mnaomba vocha, tajeni kitufe gani, ukurasa gani, toleo gani la apu, na muwape nyota moja Play Store wazi wazi, hapo huwa wanajibu haraka kuliko barua pepe.

TalkBack naipa nyota nne na nusu. Apu ya benki naipa moja, na hiyo moja ni ya yule dada.

Kama unamnunulia mzazi asiyeona simu basi chukua yenye RAM ya 4GB kwenda juu, zile ndogo sana sauti inakuja imechelewa, na hedifoni mchukulie za waya, za bluetooth nazo zinachelewesha.