Kompresa ya Lita 50 kwa Karakana ya Nyumbani: Kazi Inazoziweza na Inazozishindwa

Kompresa ninayoizungumzia ni ile ya kawaida kabisa: tangi la lita 50, mota ya nguvu farasi 2, pampu ya oili yenye pistoni moja iliyofungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, magurudumu mawili na mpini. Viwanda vingi huitengeneza kwa umbo lile lile, hivyo haya yanahusu aina ya mashine kuliko nembo iliyobandikwa juu yake. Kwa karakana ya nyumbani naipendekeza, ila kwa masharti, na la kwanza ni kujua inatoa upepo kiasi gani hasa.

Wengi huchagua kwa kutazama tangi. Tangi ni ghala tu, halizalishi kitu. Kinachozalisha ni pampu, na namba ya kutafuta ni lita za upepo zinazotoka kwa dakika moja presha ikiwa bar 6 au 7. Kibao cha mashine yangu kinasema lita 206 kwa dakika. Hizo ni lita zinazofyonzwa kwa hesabu ya karatasi: ujazo wa silinda mara mizunguko ya mota, basi. Hasara ya valvu, ya joto, na ya upepo unaobaki juu ya pistoni bila kusukumwa nje haijatolewa humo. Kwenye pampu ndogo kama hizi, kinachofika kwenye tangi ni kama asilimia 60 hadi 70 ya namba ya kibao.

Usiamini maneno, pima. Funga njia ya kutokea upepo, washa, acha mota ijaze mpaka ijizime. Fungua upepo utoke taratibu hadi mota iwake yenyewe, kisha funga papo hapo, soma geji na anza kuhesabu sekunde. Ikizima, soma geji tena. Zidisha ujazo wa tangi kwa tofauti ya bar, gawa kwa sekunde, zidisha kwa 60. Yangu huwaka kwenye bar 6 na kuzima kwenye bar 8, na kujaza humo huchukua sekunde 48. Yaani lita 50 mara 2 ni lita 100, na 100 kwa sekunde 48 ni lita 125 kwa dakika. Geji ya mashine haina usahihi mkubwa, hivyo hilo ni kadirio, lakini ni kadirio la kutegemewa kuliko kibao. Kama kifaa chako kimeandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, kila futi 1 ni lita 28.3, na bar 1 ni psi 14.5.

Sasa linganisha lita 125 na kazi zako. Kujaza magurudumu, kupuliza vumbi kwa vipindi, bunduki ya misumari ya useremala: hapo inatosha na kubaki. Spana ya upepo ya nusu inchi inataka maelezo zaidi. Vibao vya spana hizo mara nyingi huandika wastani wa lita 120 hivi kwa dakika, na mtu akiona hivyo anadhani mambo yako sawa. Wastani huo kwa kawaida umepigwa kwa kudhani unabonyeza kitufe robo tu ya muda. Ukiwa umebonyeza, inameza karibu mara nne. Gurudumu lenye nati tano, kila nati sekunde nne, linakula kama lita 150. Tangi likiwa limejaa utafungua gurudumu zima, ila ungoje kidogo kabla ya kuhamia la pili. Kwa gari la nyumbani hilo halina shida. Nati iliyoshika kutu ndiyo inayoumbua mashine, kwa sababu presha ikishuka chini ya bar 6 nguvu ya spana nayo inashuka, na unabaki kupiga kelele tu bila nati kusogea. Achia, subiri mota izime, ndipo urudie.

Msasa wa upepo unaozunguka ndio kipimo kibaya kuliko vyote. Unataka lita 300 kwa dakika bila kupumzika. Kutoka bar 8 hadi 6 unapata sekunde 20. Mota inawaka, lakini upungufu unabaki lita 175 kwa dakika, kwa hiyo sekunde 34 nyingine uko kwenye bar 4 na msasa unazunguka kwa uvivu. Kama kazi yako kubwa ni kupiga msasa, nunua msasa wa umeme na uache kompresa ifanye mengine. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo linalowachosha watu na mashine hizi, na tangi kubwa haliliponyi: tangi la lita 100 kwenye pampu ile ile linaongeza sekunde chache na kusubiri kwa muda mrefu zaidi.

Kupaka rangi kuko katikati. Bunduki ndogo yenye tundu la milimita 1.0 inaridhika na lita 100 hadi 150, na inapaka kiti, mlango au fremu ya baiskeli vizuri. Bunduki kubwa yenye tundu la 1.4 ya presha ndogo na upepo mwingi huomba lita 250 hadi 400. Hapo utapaka kipande kimoja kimoja, na mota itakuwa inafanya kazi mfululizo. Pampu hizi zimeundwa kwa nusu ya muda kufanya kazi na nusu kupumzika. Kuilazimisha saa nzima kunachoma oili kwenye vibati vya valvu, masizi yanajengeka, valvu hazifungi sawasawa, na lita zako 125 zinapungua polepole bila wewe kujua. Ndiyo maana kile kipimo cha sekunde kinafaa kurudiwa mara kwa mara: muda ukirefuka, anza na kichujio cha hewa, kisha valvu na gasketi ya kichwa. Upepo ukirudi nyuma na kutokea kwenye kichujio wakati wa kusukuma, ujue kibati cha valvu ya kuingizia kimevunjika au hakikai sawa.

Umeme ndio unaoua mota nyingi. Mota ya kilowati 1.5 kwenye volti 230 hula ampea 8 hivi ikiwa kazini, na mara kadhaa ya hizo kwa nukta inapoanza. Ukiichomeka kwenye waya mwembamba mrefu wa kuongezea, volti zinashuka, mota inanguruma bila kushika kasi, kapasita na koili za kuanzishia zinachemka. Ongeza mpira wa upepo, usiongeze waya. Kama waya hauepukiki, uwe wa milimita za mraba 2.5 na ufunguliwe wote kutoka kwenye roli. Mpira nao uwe na kipenyo cha ndani cha milimita 10 kwa spana. Ule mwembamba wa kujikunja unafaa kupuliza na kujaza magurudumu tu.

Jifunze kusikiliza mashine inapozima. Lazima utoke mlio mfupi, tsss, wa sekunde moja au mbili, chini ya swichi ya presha. Huo ni upepo uliobaki kati ya kichwa cha pampu na tangi ukiachiwa ili pistoni isianze tena ikiwa imebanwa. Mlio usipotoka, mota itanguruma na kugoma kwenye mzunguko unaofuata, na wengi hubadilisha kapasita bure. Mlio usipokoma, valvu ya kuzuia upepo kurudi inavuja. Toa upepo wote, chomoa umeme, fungua nati kubwa ya shaba pale bomba la kutoka kichwani linapoingia kwenye tangi, utoe springi na kifuniko kidogo cha mpira. Mara nyingi utakuta chembe ya masizi au ya utepe wa kuzibia imekaa kwenye mpira. Futa kwa kitambaa; ikiwa mpira umechimbika, weka mpya.

Oili ni ya kompresa, ya mnato 100, kama robo lita, usawa uwe katikati ya doa jekundu la kioo. Oili ya injini ya gari ina sabuni inayokumbatia maji na kuacha masizi mengi kwenye valvu. Mashine mpya iendeshe nusu saa koki ya chini ya tangi ikiwa wazi kabla ya kuibana presha, kisha kaza boliti za kichwa kwa mpangilio wa msalaba. Oili ya kwanza imwage mapema, baada ya saa 50 za kazi au kabla ya hapo, kwa sababu ina unga wa chuma wa ringi zinazokaa mahali pake.

Maji watu huyapuuza. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ikibanwa hadi bar 8 na kupoa tena, lita 125 kwa dakika zinaacha zaidi ya mililita 150 za maji kwa saa moja ya kusukuma. Sehemu yake iko chini ya tangi, sehemu inapita kama mvuke ikiwa tangi lina moto. Kwa hiyo kinasa maji kilichofungwa mdomoni mwa mashine hakinasi kitu cha maana. Kiweke mita kadhaa mbele, upepo ukishapoa, karibu na bunduki ya rangi. Mabomba ya plastiki ya maji usiyatumie kabisa kwa upepo: yakipasuka hurusha vipande vikali.

Kelele ni kubwa. Mota inazunguka mara 2,850 kwa dakika na ukiwa karibu unahitaji vizibo vya masikio. Asiyeweza kuvumilia, hasa penye majirani, atazame aina isiyo na oili inayozunguka mara 1,400, akubali kwamba ringi zikiisha mara nyingi hubadilishwa pamoja na silinda. Anayepaka rangi au kupiga msasa kila wiki apande hadi ya mkanda: silinda mbili, nguvu farasi 3, pampu ya kwenda polepole na kupoa vizuri, na njia yake ya umeme peke yake.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, fungua koki ya chini kabla ya kuuliza bei. Maji yenye rangi ya kutu kidogo ni ya kawaida. Yakitoka magamba ya kutu, au ukiona kiraka cha kuchomelea popote kwenye tangi, iache hata kama pampu inavuta vizuri. Vuta pia pete ya valvu ya usalama tangi likiwa na presha: iachie upepo kwa kishindo na ifunge yenyewe. Isipofanya hivyo weka mpya yenye presha iliyoandikwa kwenye kibao cha tangi, na usiizibe kwa boliti kamwe.